Injinia wa Baridi

Siku Mzungu mmoja wa Bukoba alipokuwa akifungasha kurudi kwao, Datius wa Hamugembe alisimama nje ya ua wake akikagua tairi la baiskeli ya mtu mwingine. Yeye hakuwa na baiskeli. Alikuwa na suruali moja ya heshima, kalamu mbili mfukoni ambazo moja haikuwa na wino, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji ya ziwa.

Mpishi wa nyumba ile akatoka anaburura sanduku jeupe lenye mlango, refu kama mtoto wa darasa la tatu.

"Ni nini hicho, waitu, ndugu yangu?" Datius akauliza.

"Friji. Ile ya kuwashwa kwa mafuta ya taa. Imekufa. Memsahibu amesema anayeitaka aichukue, mradi iondoke hapa kabla ya adhuhuri."

"Imekufa kwa ugonjwa gani?"

"Taa inawaka vizuri, baridi haiji. Mimi ni mpishi, si daktari."

Datius aliitazama kama mchumba. Ulikuwa mwaka 1953, na bei ya kahawa ilikuwa imepanda mpaka wazee waliokuwa wakilalia nyasi wakaanza kulalamika kwamba godoro linawaumiza mgongo. Watu husema sisi Wahaya tunajivuna. Si kweli. Sisi tunataja tu tulichonacho, kwa sauti, na kwa Kiingereza inapowezekana. Mwaka ule jirani akinunua cherehani, wewe unanunua gramafoni. Baba yangu mwenyewe alinunua saa ya ukutani, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuisoma, tulikuwa tunatumwa kwa mwalimu kuuliza ni saa ngapi ili tujue kama saa yetu ni nzima. Kwa hiyo nikisema watu walidanganyika, msidhani nawacheka nikiwa mbali.

Datius alijua mlango wa kupiga hodi. Kule Kagoma, upande wa Muleba, alikuwapo Gamaliel, mzee wa kanisa la Kilutheri mwenye shamba kubwa la kahawa na migomba. Alikwisha kuwa na baiskeli mpya, gramafoni na meno mawili ya dhahabu, na sasa alikuwa hana usingizi kwa kukosa kitu ambacho jirani hana.

Friji ikapakiwa kwenye lori lililokuwa likienda Muleba. Nafasi ilikuwa finyu, utingo akaipindua, miguu juu kichwa chini, akaikaza kati ya magunia ya chumvi. Datius hakujali. Maiti halalamikii jeneza. Mkononi alishika kikapu chenye pande la barafu alilonunua kwa mpishi wa meli, limefunikwa kwa unga wa mbao na majani makavu ya mgomba.

Njiani lori lilikwama kwenye tope mara mbili, likalala huko, na likafika kesho yake. Barafu ilikuwa imebaki saizi ya ngumi. Ilitosha. Nyuma ya kichaka cha mwisho kabla ya nyumba ya Gamaliel, Datius aliisimamisha friji, akaiingiza barafu ndani, akafunga mlango, akachomeka shati.

"Tata Gamaliel," alisema sebuleni, akimwita baba kwa Kihaya, huku nusu ya kijiji ikichungulia dirishani, "mimi ni Injinia wa Baridi. Weka mkono wako humu."

Gamaliel akaweka. Akautoa haraka kama aliyeng'atwa, kisha akaurudisha polepole kama aliyependa.

"Yesu wangu! Baridi ya Kaskazini hii!"

"Ya Ulaya kabisa," Datius akamthibitishia. Akawasha taa ya chini kwa kiberiti, akainama, akaisikiliza kama anayepima mapafu ya mgonjwa. "Sasa masharti. Friji isukumwe mpaka iguse ukuta, ili baridi isitoroke kwa nyuma. Madirisha yafungwe. Na mlango wa friji usifunguliwe kwa siku saba. Ukifunguliwa kabla, baridi inakwenda zake, na hapo lawama si ya injinia."

Sharti hilo la mwisho ndilo lililokuwa roho ya biashara. Katika siku saba mtu mwenye miguu mizuri anafika mbali, na hajawahi kutokea mwenye friji aliyevumilia siku saba bila kuchungulia.

Mke wa Gamaliel, Ma Alistidia, alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi. Aliuliza kimoja tu: "Mwanangu, hii friji imesafirije?"

"Kwa heshima zote, Mawe," akasema, akimwita mama kwa Kihaya. "Kwa lori."

"Imesimama?"

"Miguu juu," Datius akajibu, maana uongo aliokuwa nao siku ile alikuwa ameupangia kazi nyingine.

Ma Alistidia akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kumenya. Jioni Datius, bei ikiwa imelipwa, aliondoka Kagoma juu ya baiskeli mpya ya Gamaliel, na magunia mawili ya kahawa yakimfuata kwa lori. Alipiga kengele njia nzima, hata pasipokuwa na mtu wa kumpisha.

Kitu ambacho Datius hakukijua, na hakujisumbua kukiuliza, ni kwamba Ma Alistidia kabla ya kuolewa alifanya kazi miaka minne nyumbani kwa daktari mmoja wa misheni, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa friji. Injinia alipopotea kwenye kona ya barabara, mama yule alisimama na kuizima taa.

"Unafanya nini?" Gamaliel akapiga kelele. "Siku saba!"

"Siku saba za nani? Sukuma huku."

Wakaivuta friji mbali na ukuta kiasi cha mkono mzima. Akaweka bakuli la maji juu yake, akachomeka vijiti chini ya mguu mmoja mpaka maji yakatulia sawasawa pande zote. Akafungua madirisha, akaondoa pazia lililokuwa karibu na bomba la moshi. Akakata utambi ukawa sawa, akachuja mafuta kwa kitambaa, akajaza tangi taa ikiwa imezimwa. Akaiacha friji isimame tu usiku kucha. Asubuhi ndipo akaiwasha, akaipunguza mpaka moto ukawa wa buluu.

"Ya daktari nayo ilikuwa ikinuna hivi," alimwambia mumewe. "Ikinuna, tunaipindua kichwa chini siku moja, kisha tunaisimamisha. Huyu kijana ameitibu kwenye lori bila kujua."

Siku ya pili bakuli la maji aliloliweka ndani liligeuka jiwe.

Kagoma nzima ikahamia kwa Gamaliel. Watu walikuja kunywa omuramba, yale maji matamu ya ndizi, yakiwa baridi mpaka yanauma meno. Walileta senene wao, wale panzi wa kukaanga, wahifadhiwe, wakagombana ni wa nani. Gamaliel alikaa mlangoni na ufunguo shingoni, akimfungulia kila mgeni na kusema kwa Kiingereza, "Cold! Very cold!", na kahawa shambani ikaliwa na magugu. Mafuta ya taa yaliisha kabla ya wiki. Mwisho wa mwezi Ma Alistidia alikuwa akiwapikia watu thelathini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amealikwa.

Habari zilipomfikia Datius huko Bukoba, alikuwa kwenye hoteli ya Buberwa anakunywa chai. Buberwa, askari mstaafu aliyerudi kutoka Burma na mabega mapana na subira nyembamba, alikuwa akimsimulia mteja kwamba Kagoma kuna friji inayogandisha hata mate.

Datius akapaliwa.

"Inagandisha?"

"Barafu kama ya melini. Binti yangu anaolewa Jumamosi, nimekwisha kuwatangazia watu soda baridi. Atakayeniletea friji kama ile nampa ng'ombe wawili."

Datius alirudi Hamugembe akitembea kama aliyefiwa. Maisha yake yote alikuwa amewauzia watu vitu vibovu akisema ni vizima. Sasa alikuwa ameuza kizima akidhani ni kibovu. Alijitukana kwa Kihaya, akarudia kwa Kiswahili ili asibakize. "Nimeibiwa," alisema, "na mwizi nimevaa suruali yake."

Kesho yake alikuwa Kagoma, uso mrefu, kofia mkononi.

"Tata Gamaliel, nimekuja usiku na mchana. Friji ile ni hatari! Ina hewa ya sumu ndani ya mabomba. Ikilipuka, nyumba hii watu wataitafuta Karagwe. Sisi mainjinia tuna dhamiri. Nitaichukua, nikurudishie baiskeli yako."

Gamaliel akainuka kwenye kiti kilichokuwa karibu na friji, akaenda kukaa cha mbali. Ma Alistidia akafuta mikono kwa kanga.

"Na kahawa yetu?"

"Kahawa, Mawe... kahawa niliiuza."

"Ukanunua nini?"

Datius akakohoa. Alikuwa amenunua cherehani ya kumposea binti mmoja wa mtaa wa Rwamishenye, naye binti akampokea kwa chai na kumkataa kwa heshima.

"Cherehani," alisema.

"Iliyo na pedali?"

"Ina pedali."

"Basi lete baiskeli na cherehani, uchukue hatari yako."

Alileta. Moyoni alicheka mpaka mbavu zikamuuma, maana kubadilisha cherehani kwa ng'ombe wawili ni hesabu ambayo hata mbuzi anaijua. Ma Alistidia naye hakuonekana mwenye huzuni. Hatimaye angelala bila wageni thelathini sebuleni.

Vijana walipokuwa wakiilaza friji ubavu kwenye lori, mama yule alimfuata Datius, akamshika mkono kama mtu anayeusia.

"Sikiliza, mwanangu. Ukifika, isimamishe, uiache siku nzima bila kuiwasha. Iweke sawa, upime kwa bakuli la maji. Isiguse ukuta. Dirisha liwe wazi, moshi wake ni mbaya. Moto uwe wa buluu. Ukiona wa njano, zima, kata utambi. Na usimimine mafuta taa ikiwaka."

Datius alimtazama kwa mapenzi ya kweli. Masharti! Bakuli la maji! Tena kayapanga vizuri, moja baada ya jingine, kila moja linangoja kuvunjwa ili lawama ikae mahali pake. Yeye mwenyewe asingeweza kupika bora zaidi.

"Mawe," alimnong'oneza, akakonyeza jicho, "mimi na wewe tu wa kazi moja. Mwenye duka hauziwi bidhaa yake."

"Nimekuambia," alisema Ma Alistidia. "Tata Gamaliel amesikia."

Lori lilifika Bukoba Ijumaa jioni. Datius aliiegemeza friji kwenye ukuta wa hoteli uliopakwa chokaa upya kwa ajili ya harusi, mguu mmoja ukiwa kwenye shimo la sakafu. Akafunga madirisha ili baridi isitoroke, kwa kuwa alikuwa ameusema uongo huo mara nyingi kiasi kwamba alianza kuuamini. Akapandisha utambi mpaka mwisho. Moto mkubwa, baridi kubwa, ndivyo alivyowaza. Akapanga soda ndani, akamwambia Buberwa aandae ng'ombe, akaenda kulala.

Asubuhi ya harusi Buberwa alifungua mlango wa chumba kile, na wingu likatoka kabla yeye hajaingia. Moshi ulimfanya arudi nyuma akikohoa. Ukuta ulikuwa mweusi kutoka sakafuni mpaka darini. Meza, vitambaa vya meza, suti yake ya harusi iliyotundikwa msumarini, vyote vilikuwa vimepikwa kwa masizi. Akafungua friji, akashika soda. Ilikuwa vuguvugu kama uji wa mgonjwa.

Sitaeleza alichosema Buberwa. Nilikuwa mdogo, na mama aliniziba masikio. Wageni wa harusi walipofika walimkuta Injinia wa Baridi amevuliwa shati, anasugua ukuta kwa brashi ya viatu, macho mekundu, kichwa kinamgonga kwa ule moshi, na Buberwa amekaa nyuma yake na fimbo magotini. Sote tulikunywa soda ya moto. Hakuna aliyekataa glasi ya pili.

Miongoni mwa wageni alikuwa Gamaliel juu ya baiskeli yake, na Ma Alistidia nyuma, amevaa gauni jipya alilolishona mwenyewe. Alitazama friji, akatazama moto ambao hakuna aliyethubutu kuugusa, akauzima.

"Niiweke sawa, Mzee Buberwa?"

"Ukiweza, ng'ombe mmoja ni wako. Huyu hapati hata mkia."

Datius akaacha kusugua. "Mawe, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia yote, mwanangu."

Datius akafikiri kidogo. Ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa akitafuta katika kumbukumbu zake mara ya mwisho mtu alipomwambia kweli, na hakuwa na uzoefu wa kuitambua.

Jumatatu hoteli ya Buberwa ilikuwa na barafu. Ma Alistidia aliswaga ng'ombe wake kurudi Kagoma, na Datius, baada ya kumaliza kupaka chokaa kuta zote nne, alimwomba amfundishe. Akajifunza kweli: utambi, usawa, nafasi, hewa. Akaapa kuwa mtu mwema, na kwa wiki tatu akawa.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Karugendo wa Rwamishenye, aliyekuwa amenunua friji Kampala. Datius aliisimamisha sawasawa, akafungua dirisha, akakata utambi, akaeleza kila kitu polepole.

Karugendo alimsikiliza huku uso ukizidi kukunjamana.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, waitu."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna. Subiri kesho uiwashe."

"Wewe ni tapeli," alisema Karugendo. "Kitu cha thamani hii, unaniambia bakuli la maji? Jirani yangu fundi wake alichinja jogoo."

Datius alifunga mfuko wake wa vifaa. Alifika mlangoni, akasimama. Nje watoto walikuwa wakimngoja wamwone injinia, na barabara ya kurudi Hamugembe ilikuwa ndefu kwa mtu mwenye njaa.

Akageuka.

"Jogoo wa rangi gani?" akauliza.