Mawese Juu ya Jiwe la Kunolea

Jumatatu, 3 Juni

Namshukuru Mungu kwa jua la leo, kwa mke wangu Bibiche, na kwa akili aliyonipa bila kunipimia. Siku ya posa nilisimama mbele ya wakwe nikasema kitanda cha harusi cha binti yangu Valérie nitakitengeneza mwenyewe. Watu walitaka kiagizwe kwa Papa Katembo, fundi wa mbao mwenzangu kutoka Butembo, mwenye atelye, karakana yake, ng'ambo ya barabara. Hapana! Mtoto ni wangu, kitanda ni changu.

Jumamosi wanakuja kukichukua. Upande wa bwana harusi wana desturi: shangazi yao, Mama Uwamariya, anapapasa kila ubao kwa kiganja. Akichomwa na kibanzi anasema mbele ya wote, na bibi harusi anaingia ukweni na haya usoni. Kwa hiyo kisu cha randa yangu lazima kiwe kikali kweli.

Siku zote nanoa kwa maji, kama baba mkwe, mwindaji wa Walikale. Lakini leo nimemuona Katembo akidondosha kitu kwenye jiwe lake toka kachupa kadogo. Kumbe! Siri yake njo hiyo: mafuta. Mimi nina mawese safi ya Walikale. Nimelimwagia jiwe mpaka likashiba. Linang'aa! Asante Mungu kwa michikichi.

Jumanne, 4 Juni

Baridi ya hapa Kalembe asubuhi, hata jogoo alikawia. Mawese yameganda kama siagi. Kisu kinateleza tu, hakinoleki. Nimeweka jiwe karibu na moto. Bibiche akasema linanukia kuliko mboga yake ya sombe, nisimlaumu mbwa akiliiba. Nimerudi kwenye maji. Maji yanakimbia, hayataki kukaa juu ya jiwe.

Katembo akapita, akauliza kama kuna shida, eti anaweza kunisaidia. Nikamwambia hakuna, nikamshukuru sana. Mpelelezi! Hata hivyo asante kwa baridi. Imenionyesha kwamba nahitaji mafuta yasiyoganda.

Jumatano, 5 Juni

Moto ya Élie, ile pikipiki yake, haigandi! Nimewaza hivyo nikivaa viatu. Élie, dereva wa moto, alikuwa akibadilisha mafuta ya injini, akanipa vidanji, yale mafuta ya zamani, yote bure. Abarikiwe.

Nyeusi ti. Imekutana na mawese na unga wa chuma, jiwe likawa tope. Kisu kimetoka butu kuliko kilivyoingia. Randa imechana ubao wa kichwani, vibanzi vimesimama. Nikaushika niuangalie vizuri. Sasa uko na alama za vidole vyangu vyote, vyeusi. Nimesugua kwa sabuni, havitoki.

Valérie ameviona. Alibeba bido akaenda kuchota maji, akakawia sana kurudi. Hiyo imeniuma.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango mpya: kujificha nyuma ya mbao za Katembo na kuona kachupa kana nini ndani. Mpango ulikuwa mzuri. Mbao ndizo zilizoanguka.

Katembo akanitoa chini ya mbao, akanipangusa vumbi, akaniwekea kiti. Alisema alikuwa ameona miguu yangu toka mwanzo, ila hakutaka kunisumbua. Halafu akaomba nimletee jiwe. Akalitazama kama vile anatazama mgonjwa.

"Papa Raphaël, hii jiwe ilikuwa ya maji. Sasa imekunywa mafuta, maji haitaipenda tena. Mawese inaganda, vidanji iko na uchafu. Weka petroli ya taa, kidogo tu, na upanguse."

Akachemsha maji, akalisugua kwa sabuni na brosi, akadondosha petroli. Kisu kikaanza kuuma jiwe, sauti ileile ninayoipenda. Nilitaka kumkumbatia. Nilikohoa tu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeranda toka asubuhi mpaka giza. Randa inatoa maranda mapana, membamba, Bibiche amejifunika nayo kichwani akacheka. Vibanzi vimeisha. Vidole havijaisha, vimeingia ndani ya mti. Nikiranda zaidi ubao utakuwa karatasi. Asante Mungu kwa Katembo. Hilo sitamwambia.

Jumamosi, 8 Juni

Mama Uwamariya alipapasa polepole. Miguu, mbavu, kila mahali. Laini! Nilianza kupumua. Akafika kichwani, akasimama. Akauliza huo uchafu ni wa nani. Nilitafuta uongo, nikakosa hata mmoja, mimi!

Valérie akajibu kabla yangu. "Ni vidole vya papa yangu. Nilimuomba aviache, nikimkumbuka niweke mkono pale."

Hakuniomba kamwe. Mama Uwamariya akaweka kiganja chake juu ya vidole vyangu, akakaa hivyo kidogo, akasema kitanda kinaenda kwao. Nililia mbele ya wakwe, bila aibu. Asante, mwanangu. Asante, asante.

Jumapili, 9 Juni

Nyumba iko kimya. Baada ya misa Katembo ameniletea kachupa ka petroli, zawadi. Muntu mwema kabisa, namshukuru kwa moyo wote.

Ila petroli peke yake naiona kavu. Nimeiongezea mawese, nusu kwa nusu, na vidanji kidogo kwa nguvu. Bibiche ameuliza juu ya baridi ya asubuhi. Nimemtuliza: haya ni mawese yaleyale ya Jumanne, yameshaganda mara moja, hayawezi kuganda tena. Kesho naanza benchi ya kanisa.