Tetere Wangu, Beberu wa Tukiran na Stempu Tusiyobandika

Jumatatu, 3 Juni

Alhamdulillahi, mbuzi wa Idi nimempata! Baada ya alasiri nilikaa barazani mwa msikiti na Pak Tukiran, jirani yangu. Tumekubaliana: mimi nampa tetere wangu, yeye ananipa beberu wake mweusi. Mbuzi kesho, ndege Jumamosi, akishasimamisha mlingoti wa kupandishia tundu. Tumeshikana mikono. Karatasi hakuna. Alipouliza ndege anaimbaje, nilimjibu kwamba sauti ni majaaliwa. Si uongo. Tetere huyu hajafungua mdomo tangu mwaka jana.

Mke wangu Partinah ameshakimbilia kamati ya kuchinja kuandikisha jina letu. Mwaka huu na sisi tumo!

Jumanne, 4 Juni

Mbuzi kaletwa. Mnene, pembe safi. Kala asumini yote ya Partinah. Nimemsamehe.

Kisha balaa. Tetere ameimba! Sauti nzito, ndefu, na mwishoni anatua kama msomaji wa Kurani aliyebobea. Watu wamesimamisha pikipiki barabarani kumsikiliza. Na Jumapili kuna mashindano ya sauti za ndege! Ewe Mola, kwa nini leo? Adhuhuri nimekosea rakaa.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata dawa. Hatukubandika stempu ya serikali! Hapa kwetu hata anayeazima ngazi hudaiwa stempu. Nikamwendea Tukiran, nikamweleza kwa upole kwamba bila stempu yale yalikuwa mazungumzo tu ya barazani. Hakuacha hata kupiga randa mlingoti wake. Akasema sawa, Baba Yanti, nifungulie mbuzi wangu basi.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Jina letu limeshasomwa kwenye kipaza sauti cha msikiti. Mbuzi akirudi, Partinah atanichinja mimi. Nikamwambia Tukiran haraka ya nini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepanda basi hadi Bantul mjini kwa Bu Endah, mwanasheria wa mikataba. Nikasema nauliza kwa niaba ya rafiki. Mama mpole, ila maneno yake hayapendezi. Ati stempu ni kodi ya karatasi tu, mambo ya ushahidi mahakamani. Makubaliano huzaliwa pale wawili wanapokubaliana, hata kwa mdomo. Kinachotakiwa ni wawe wamekubali kwa hiari, wawe watu wazima wenye akili zao, kitu chenyewe kijulikane, na jambo lenyewe liwe halali. Baada ya hapo yanawafunga kama sheria, na sharti wayatimize kwa nia njema. Akauliza akili za rafiki yangu zikoje. Nikasema timamu kabisa. Akanitazama sana.

Ndani ya basi nikashtuka: kitu chenyewe kijulikane! Huo hapo mlango wa kutokea!

Ijumaa, 7 Juni

Laiti ningenyamaza. Baada ya sala nilimweleza Tukiran, kisheria kabisa, kwamba sisi tulikubaliana juu ya tetere bubu. Huyu anaimba. Kwa hiyo ni ndege mwingine.

Akasema ati nini? Kumbe nilijua ni bubu? Waliokuwa wakivaa ndala wakaacha kuvaa. Mmoja akaropoka kwamba Baba Yanti alitaka kumpa mwenzake ndege wa mapambo, tena kwa mbuzi wa Idi! Nikasema mimi sijasema hivyo. Wakasema umesema sasa hivi.

Tukiran akatoa simu, akampigia mwanasheria. Bu Endah! Kumbe ni binamu ya mkewe. Akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Ati aliyefichwa ukweli ndiye mwenye hiari, ya kuomba makubaliano yafutwe au kuyashikilia. Aliyeficha hana hiari yoyote. Kisha akasema nimsalimie rafiki yangu.

Tukiran ameyashikilia.

Jumamosi, 8 Juni

Ndege ameondoka. Tukiran alikuja na kitambaa kipya cha kufunikia tundu, na vipande vya tempe ya soya vya kukaanga alivyofunga mkewe. Hakunisimanga hata kidogo. Imeniuma zaidi. Partinah anamshukuru Mungu kwamba mbuzi amebaki. Nami nashukuru, kwa sauti ya chini.

Jumapili, 9 Juni

Tetere ameshika nafasi ya kwanza. Tukiran akanitaja kwenye kipaza sauti kuwa mimi ndiye mlezi wake. Machozi yalinitoka.

Lakini Mola hamtupi mja wake! Pale uwanjani nimekutana na Jarwo wa kijiji cha pili, ana kinda la tetere wa ukoo wa mabingwa. Anataka beberu mweusi. Nimemkubalia papo hapo. Ni kweli mbuzi huyohuyo nimeiahidi kamati, na Partinah bado hajui. Lakini ahadi ya kamati ilikuwa ya mdomo tu, na Allah anaijua nia yangu. Hii ya Jarwo nimeiandika kwenye karatasi, tena nimebandika stempu mbili. Mwenye stempu ndiye mwenye haki. Nimetoka kwa mwanasheria juzi tu, mambo haya nayajua.