Karatasi Isiyo na Doa Jekundu

Jumatatu, 4 Mei

Mjukuu wangu karudi na jaribio lake la Kiingereza. Nyekundu tupu! Kama mtu kachinjia kuku juu ya karatasi. Na Jumamosi ndio mtihani wenyewe, wa kuingia chuo cha uuguzi. Akiukosa hakuna wa pili, mwaka ujao umri utakuwa umempita. Na huyu mtoto alianza kufunga vidonda vya wenzake hata meno ya mbele hayajaota upya. Mimi mwenyewe aliwahi kunifunga mguu, tena kwa kitambaa changu kipya cha kichwa, kakichana vipande vinne. Nilimchapa. Kisha nikaingia ndani nikalia kwa furaha.

Nimemuuliza kakosea nini. Eti kamwandika baba yake kama mwanamke. Kwa Kiingereza, eti, lazima kwanza ujue mtu ni mume au mke ndipo umseme. Mambo gani hayo! Sisi mtaani tunamsema mtu kutwa nzima bila kumfunua.

Eti tena kuna herufi zinaandikwa lakini hazitamkwi. Nikauliza zimekaa hapo kufanya nini. Akasema, Bibi, ndivyo zilivyo. Nawajua wa namna hiyo. Ninaye shemeji mmoja, kwenye sahani anahesabiwa, kwenye kazi humsikii.

Na vitu vikiwa vingi, neno unalitia mkia. Ila maneno mengine hayataki mkia. Yeye kayatia mkia yote, kakatwa alama. Sijaona kosa. Kuwatendea wote sawa ni kosa?

Mimi sikusoma. Herufi nilizipata kwa masikio, kwa kuuza karanga miaka minane chini ya dirisha la darasa la kwanza. Wao wanaimba ba be bi bo bu, mimi naandika vumbini kwa kijiti. Kiingereza kilifundishwa ghorofani. Hakikunishukia.

Lakini akili ninayo. Nimeanza kupanga.

Jumanne, 5 Mei

Nimekwenda kwa mwalimu wa Kiingereza. Mrefu, mwembamba, kalamu haimtoki sikioni. Tunamwita Kalamu Nyekundu. Nimempelekea karanga za moto, nikamwomba jambo dogo tu: asahihishe kwa wino wa bluu, mtoto asiwe anashtuka. Kacheka! Kasema, Bibi yangu, tatizo si wino. Kasema mtoto asome karatasi zilizosahihishwa, zake na za wenzake, humo ndimo yalimo makosa yote ya dunia hii. Nimetikisa kichwa kwa adabu. Moyoni nikasema huyu kazidiwa. Nani anamfundisha mtoto kupika kwa kumwonyesha vyungu vilivyoungua?

Kanipa gunia la karatasi kuukuu, kama anavyonipa kila muhula. Za kazi. Naviringisha karatasi kuwa pembe, natia karanga, nakunja mdomo. Pembe zangu zinajulikana.

Nimelimwaga gunia kitandani. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Watoto hawa wanakula bure! Kisha chini kabisa, kurasa tatu. Mwandiko wa kupendeza. Mistari imenyooka. Na doa jekundu hakuna hata moja! Bingwa! Jina hakuandika. Wakubwa hawajitangazi.

Mpango ni huu. Nyekundu zifunge karanga. Safi zimwingie mjukuu kichwani, neno kwa neno, Jumamosi akazimwage mbele ya wasahihishaji wafe midomo wazi.

Nimemwambia katumiwa na mwalimu. Uongo mdogo. Wa mapenzi.

Jumatano, 6 Mei

Anakariri. Alipofika mstari wa pili akakunja uso. Eti, Bibi, mbona hapa pananuka? Nikamuuliza kaona wekundu. Kasema hapana. Basi nyamaza, kariri. Akasema lakini huyu mtu ameandika kesho alikwenda sokoni. Nikamwambia wasomi huwahi. Kanitazama sana. Lakini kwa kuwa katuma mwalimu, kaendelea.

Mchana kaja jirani wa nyuma ya ukuta, Miwani. Miwani yake ina kioo kimoja. Cha pili kilianguka zamani, yeye anaivaa hivyohivyo kwa ajili ya heshima. Mjukuu wake naye anafanya mtihani uleule. Kaja kunitambia kwamba binti yule anasoma mpaka anasahau kula. Nikamwambia wa kwangu anakula na bado anajua.

Kanunua pembe tatu za karanga. Tatu! Meno anayo mawili, na hayo hayakutani.

Alhamisi, 7 Mei

Miwani karudi asubuhi. Pembe kumi na mbili! Na anachagua! Anazigeuzageuza kama nyanya sokoni, anachukua zenye wekundu mwingi. Nikamwambia karanga ziko ndani, mwenzangu, si nje. Akasema niuze au nisiuze. Nimeuza. Jioni karudi kazoa zilizobaki zote.

Nikachungulia juu ya ukuta. Karanga kamwagia kuku! Karatasi anazinyoosha kwa pasi, moja moja, anazipanga mezani! Nimecheka mpaka nikajishika ubavu. Mwanamke mzima anapiga pasi makosa ya watoto wa watu. Uzee huu unaingia kwa mlango wowote.

Mjukuu kamaliza ukurasa wa pili. Kichwa kinamuuma. Nimemsugua utosi kwa mafuta ili maneno yasivuje.

Ijumaa, 8 Mei

Kuandika sitaki. Nitaandika hivyohivyo.

Asubuhi Kalamu Nyekundu kapita getini mwa shule ninapouzia. Mdomo wangu ukaniwasha. Nikamwambia dawa nimeipata, tena kwenye gunia lake mwenyewe, nikachomoa ukurasa wa tatu kifuani. Kasoma. Kakaa chini juu ya ndoo yangu. Nikamuuliza, mbona hukutia doa hata moja kama si bingwa huyu? Akasema, Bibi, hii sikuisahihisha kwa sababu sikuona pa kuanzia. Kila neno lilitaka wino wake. Nikauliza mwenyewe yuko wapi. Akasema aliacha shule, anauza mbao, na anaendelea vizuri sana.

Nikalikumbuka gunia. Gunia tupu! Nyekundu zote ziko kwa Miwani, zimepigwa pasi. Elimu ya shule nzima nimemuuzia kwa mikono yangu, tena nikamtilia na karanga ndani!

Nimerudi nyumbani kabla ya mchana, nikamwambia mjukuu ukweli. Kwamba mwalimu hakutuma kitu. Kwamba ni mimi. Nilijiandaa kwa kelele. Hakuzipiga. Kasema tu, siku tatu, Bibi. Kisha akageukia ukuta. Afadhali angenitukana, matusi ningeyajibu.

Basi nikaenda kwa Miwani. Kwa mlango wa mbele, kama mgeni. Kaniacha nimesimama kizingitini kama muuza sabuni. Akauliza, kwa sauti ya mtaa mzima, nimefuata nini kwake mimi mwenye mjukuu anayekula na bado anajua. Nikameza. Nikasema, nisaidie, jirani. Nichambe kesho, keshokutwa, mwezi mzima, lakini leo mtoto anazama.

Akaivua miwani. Sikujua ana macho mazuri. Akasema mtoto aingie, meza ni kubwa. Wewe, akasema, baki uani na kuku. Karanga zako wamekula wao, mmeshafahamiana.

Nimebaki na kuku kutwa. Ndani nikawasikia wasichana wawili. Mmoja anasoma kosa, mwenzake analinyoosha. Mara wanabishana, mara kicheko. Kicheko cha wangu nakijua, kinaanzia puani. Nilipokisikia nikamshika jogoo wa Miwani nikamkumbatia. Kanidonoa. Nilistahili.

Jumamosi, 9 Mei

Wameondoka pamoja. Nimempa wangu pembe ya karanga mlangoni. Kaichukua. Hajanitazama, lakini kaichukua.

Saa nane karudi. Kasema walitakiwa waeleze siku waliyomsaidia mgonjwa. Yeye kamwandika bibi mwenye kidonda mguuni na kitambaa kilichochanwa vipande vinne. Kasema, na wewe nimekuandika mwanamke, mwanzo mpaka mwisho, nimehakiki mara tatu.

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu jana. Nikajifanya moshi umeniingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Ijumaa, 22 Mei

KAPATA! Barua ya chuo imekuja! Na wa Miwani kapata! Wangu kanirukia nusura anivunje nyonga, na huyo ndiye muuguzi. Kaniita mke mwenzangu, kama zamani. Nikamwambia mke mwenzio amezeeka, mshushe chini. Tumelia sote. Miwani kalia kwa macho mawili, moja kwenye kioo, moja nje.

Barua kaisoma kwa sauti, kisha akanifafanulia. Jumatatu aripoti chuoni. Aje na barua hii, hii yenyewe, ikiwa safi na bila kukunjwa, bila hiyo hapokelewi. Kaiweka juu ya kabati, kailazia kitabu ili ibaki imenyooka.

Jumamosi, 23 Mei

Wamekwenda kushona sare, wao wawili na Miwani wao. Nyumba kimya. Mimi sikutulia. Kitu kinanikereketa tangu jana. Nimepanda kiti, nimeishusha barua.

Nimeigeuza mbele. Nimeigeuza nyuma. Nimeipeleka dirishani kwenye mwanga.

Safi! Hakuna doa jekundu hata moja!

Karatasi za namna hii nazijua sasa! Moja kama hii nusura ituzike mwezi huu huu! Hii haijasahihishwa. Wameitazama wakubwa wa chuo, hawakuona pa kuanzia, wakaituma hivyohivyo. Na mtoto aende nayo Jumatatu, achekwe mbele ya watu?

Bahati yake anaye bibi aliyejifunza.

Nimekwenda dukani mbio, nimenunua kalamu nyekundu, ile nene. Nimekaa mezani, nimeifanyia kazi kisawasawa. Mistari chini ya kila neno refu. Duara kwenye herufi ninazozishuku kuwa hazitamkwi. Misalaba pembeni, kama Kalamu Nyekundu mwenyewe. Jina la mjukuu nimelikata mara mbili, nikaliandika upya juu yake, kubwa, kama linavyotamkwa. Pale chini penye muhuri palikuwa na nafasi, nimempa kumi juu ya kumi.

Sasa ndiyo barua! Mtu akiiona ataijua imepita mikononi mwa wasomi.

Ya mjukuu wa Miwani naiona kutoka hapa ukutani, juu ya meza yao, karibu na dirisha. Nyeupe pee, maskini. Dirisha wamesahau kulifunga. Na wema ule wa Ijumaa ya kuku sijaulipa bado. Wino umebaki tele. Ndoo nimeshaiweka chini ya ukuta. Naruka sasa hivi kabla hawajarudi.