Daktari wa Wali

Salesio alikuwa akila wali kwa mkono, kidole kimepakwa iodini ya kidonda, mara punje zikageuka nyeusi kama wino. Mtu mwingine angeisukuma sahani. Salesio alimshukuru Mungu.

Kufikia saa nne alikuwa ameazima koti jeupe la kinyozi na kujipandisha cheo, akawa Daktari wa Chakula. Kwa Gerishon mwenye duka aliagiza kijiko cha mchele kipikwe, akadondosha iodini. Nyeusi tii!

"Wali huu umekufa, mzee. Vitamini zote zimehama."

Gerishon, aliyeogopa korti kuliko moto wa milele, alitoa magunia mawili yakachomwe. Yakapanda mkokoteni. Hayakuwa ya kuchomwa: mteja wake wa Merti alitaka kununua matatu, na lori lilikuwa liondoke adhuhuri.

La tatu lilikuwa kwa Bisharo, mama wa hoteli ndogo karibu na soko la mifugo, mtoto mgongoni. Gunia hilo moja ndilo lililokuwa hoteli yake yote.

"Salaam aleikum, mama. Serikali imekuja kupima wali."

"Aleikum salaam. Pima, daktari."

Tii! Wafugaji wakainua mikono kutoka sahanini.

"Umekufa," Salesio alitangaza kwa sauti ya matanga.

Bisharo alikunja uso. "Ngoja. Hiyo dawa mwalimu wa kisomo cha ngumbaru alituonyesha Jumanne. Weka kwa ugali ya huyu."

Nyeusi.

"Kwa chapati."

Nyeusi.

"Sasa Isiolo yote imekufa, na sisi tunatembea?"

Hoteli ililipuka kwa kicheko. Askari mmoja pembeni aliacha kutafuna.

"Hiyo weusi ni wanga," Bisharo alisema. "Ndiyo nguvu yenyewe. Wali mweupe nguvu iko tele. Vitamini ndio kidogo, zilibaki na maganda kwa mashine. Ndiyo maana mimi naongeza maharagwe na mboga ya sukuma."

"Nilikuwa nawajaribu!" Salesio alipaza sauti. "Mweusi ni nguvu! Umepita!"

"Na hizo gunia za mkokoteni pale nje?" askari aliuliza.

"Zimepita pia, afande. Nazirudisha sasa hivi."

Askari alimsindikiza, kwa heshima zote. Gerishon alitazama mkokoteni, akamtazama askari, akaona riziki.

"Gunia zilikuwa tatu."

"Mbili, mzee!"

"Tatu. Ama tumuulize afande daktari kama wewe amesomea wapi?"

Salesio alirudi kwa Bisharo mbio, koti limelowa jasho.

"Mama, niuzie gunia lako."

Bisharo alimbembeleza mtoto kidogo, akatabasamu.

"Hilo limepimwa na serikali mbele ya watu, daktari. Utalinunua kwa bei ya mawili."