Ukoka Usio na Breki

Jumamosi, 4 Januari. Kihesa, Iringa.
Nimepanda ukoka kandokando ya uzio. Si wa hapa. Ni wa kigeni, nimepewa na Taherali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Mbeya. Alinionya kuwa huu hauna breki. Ndiyo sababu nimeuchukua! Ukiingia kwa jirani, Mama Violet, nitadai kuwa unapoishia ndipo mpaka wangu. Nataka nafasi ya geti la gari. Gari sina. Geti kwanza.

Jumapili, 9 Machi.
Umevuka! Umefunika matuta ya viazi ya Mama Violet kama zulia. Alinisalimu kwa Kihehe, kamwene, akauliza kama majani yale yana mwenyewe. Nikasema ni yangu, na yalipofika ndipo mpaka. Akacheka hadi kanga ikamdondoka begani. Akasema, basi baba, subiri yafike Makambako ujenge stendi.

Jumatatu, 10 Machi.
Balaa! Kumbe umekuja na huku. Umemeza mchicha wa mke wangu, Tupokigwe. Umepita chini ya mlango wa choo. Stoo nimeukuta ndani ya gunia la mahindi! Tupokigwe kauliza kama choo nacho sasa ni mpaka.

Jumatano, 12 Machi.
Nimemshtaki Mama Violet kwa mjumbe wetu wa mtaa, Mzee Ambrosi, kuwa anaucheka mpaka wangu. Kasema mpaka hauoti. Mpaka ni bikoni, lile jiwe la zege la wapima ardhi. Iko wapi? Hakuna ajuaye, ukoka umefunika kila kitu. Kaagiza tufyeke kesho, majirani washuhudie. Safi sana. Itaonekana kwenye viazi, nina hakika.

Alhamisi, 13 Machi.
Mungu wangu! Kwenye viazi, hamna. Kwenye uzio, hamna. Jembe la Ambrosi likagonga zege katikati ya uwanja wangu! Akavuta kamba hadi bikoni ya barabarani. Jiko letu lote liko kwa Mama Violet. Jiko nililolijenga kwa mikono yangu! Mdomo ulibaki wazi, nzi akaingia.
Mama Violet kasema hatalibomoa. Ila ukoka, kwa kuwa nimekiri mbele ya watu kuwa ni wangu, niung'oe wote kwa mkono, mzizi kwa mzizi.

Jumamosi, 15 Machi.
Nang'oa tangu jana. Nilipoanzia umeshachipua! Tupokigwe sasa anapiga hodi kwa Mama Violet kabla ya kubandika chai. Anaitikiwa karibu mpangaji. Wanacheka wote wawili.
Nimetafakari. Kosa langu ni moja tu: nilichagua mmea unaotambaa. Kule Kilolo nimeona kichaka cha kigeni, maua ya njano na waridi, kimestawi kila kilima. Hakitambai hata kidogo! Kinazaa vitunda vyeusi, ndege wanavila na mbegu zake na kwenda zao. Kesho nafuata mbegu.