Faili la Fundi Marehemu

Hapa idarani hakuna anayeijua sanaa kunishinda mimi. Maonyesho niliyowahi kuyaona maishani ni haya tu, na niliyaona nikiwa nayafagia.

Idara ya Utamaduni na Kumbukumbu ilitangaza Maonyesho Makubwa ya Mzunguko wa Uhai, Kumbukumbu na Marejeo. Kamati ya Maandalizi ilikaa vikao kumi na kimoja. Ikapitisha rangi ya utepe, ikapitisha mkasi, ikaunda kamati ndogo ya makofi. Siku moja kabla ya ufunguzi ndipo ikagundulika kwamba hakuna aliyewaalika wasanii.

Mkurugenzi hakutetereka. Aliagiza kila ofisi iwasilishe kazi moja ya sanaa kabla ya saa kumi. Stoo ikaleta feni bovu, likaitwa Mzunguko. Masjala ikaleta faili lililotembea meza hadi meza kwa miaka sita na kurudi lilikoanzia. Likafunikwa kioo, likaitwa Marejeo.

Nilipokuwa nafuta kile kioo nikaiona picha iliyobanwa juu ya faili. Alikuwa mchumba wangu.

Msinicheke. Mjane wa miaka sitini na nane naye ana moyo. Mchumba wangu ni fundi cherehani. Miaka sita iliyopita alikuja hapa idarani kuandikisha kifo cha jirani yake, karani akajaza jina la mleta taarifa mahali pa jina la marehemu. Tangu siku hiyo jirani yu hai, fundi ni marehemu, na mfungisha ndoa amekataa katakata kuniozesha kwa maiti. Kila fundi akija kuomba afufuliwe, Mkurugenzi humwambia, "Faili lako halionekani, mzee. Rudi wiki ijayo."

Asubuhi ya ufunguzi nikampitia fundi kibandani kwake.

"Baba, vaa koti twende. Wamekuweka kwenye kioo."

"Nimefanya nini tena?"

"Umekuwa sanaa."

Ufunguzi ulifana. Mgeni rasmi alikata utepe, kamati ndogo ikapiga makofi kwa mujibu wa ratiba. Mbele ya feni alitikisa kichwa kwa uchungu. Mbele ya faili akasimama kabisa.

"Kazi hii inagusa. Mihuri arobaini! Msanii ni nani?"

"Ni mimi, mheshimiwa," akasema Mkurugenzi. "Miaka sita naihangaikia."

"Na huyu marehemu?"

"Wa kubuni. Hajawahi kuwepo."

Nikamsukuma fundi kwa mpini wa fagio. Akavua kofia.

"Samahani, mheshimiwa. Huyo wa kubuni ndiye mimi. Naomba kufufuliwa, nina harusi."

Mgeni rasmi akaitazama picha, akamtazama fundi, akairudia picha.

"Mkurugenzi, unamjua mzee huyu?"

"Simjui, mheshimiwa. Ndiyo kwanza namwona."

"Ndiyo kwanza?" fundi akauliza taratibu. "Mwanangu, suti uliyovaa nimekushonea mimi. Jumatatu ulikuja kupima, ukaniambia niongeze kiunoni, eti hilo tumbo ni gesi tu."

"Mzee amechanganyikiwa. Suti hii imetoka ng'ambo."

"Basi afungue koti. Bitana ilipelea, mgongoni nikamalizia na pazia la huyu mama."

Mkurugenzi akalishika koti kwa mikono miwili. Mgeni rasmi akamwondoa mkono mmoja, kisha wa pili, akalifungua mwenyewe. Maua yangu makubwa ya manjano yalikuwa yamemkaa vizuri kweli.