Sakafu Isiyokauka

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya nne bila mke. Nimekula mkate mkavu tena. Kikombe kimoja, sahani moja, na bado vyombo vimerundikana. Sijui vinatoka wapi.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Mke wangu hakunikimbia. Amekwenda kukaa kwa kaka yake, yeye na mtoto wetu wa miaka minne, kwa sababu ya kifua cha mtoto. Daktari alisema kikohozi hakitaisha mtoto akiendelea kulala penye vumbi. Na sakafu yetu ni udongo mtupu. Ukifagia asubuhi, jioni unajifagia mwenyewe.

Mke ameacha mifuko mitano ya saruji. Ameipata kwa kushona sare za shule mpaka vidole vikavimba. Akasema Alhamisi atakuja Bwana Vipimo kutupigia sakafu, na Jumapili watakuja kuitazama. Wakiikuta tayari, wanarudi. Wasipoikuta, atatafuta chumba karibu na cherehani yake. Aliyasema hayo taratibu, huku akimfunga mtoto kamba za viatu. Akipiga kelele huwa anatania. Akisema taratibu, amesema.

Saruji sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni Bwana Vipimo. Tuko kiwanda kimoja cha matofali, mali ya huyohuyo shemeji yangu. Mimi hupaka kalibu mafuta ili tofali lisigande. Yeye hupima. Ana futi ya chuma kiunoni, anapima mpaka benchi kabla ya kulikalia. Siku moja mke wangu alisema mbele za watu kwamba yule ni mwanamume wa kutegemewa. Mwaka wa pili sasa. Bado linanikwama kooni.

Aje kupiga sakafu ndani ya nyumba yangu? Hapana! Nina mpango. Redioni walieleza jinsi mafuta ya mimea yanavyofanya kazi siku hizi. Ya alizeti na michikichi yanaendesha magari. Ya mbegu za kitani yanatia rangi nguvu, yanahifadhi mbao. Na kuna watu wanashindilia udongo, wanaunywesha mafuta ya kitani, unakauka mgumu kama soli ya kiatu. Sakafu bila saruji! Na nani ameshika mafuta miaka kumi na moja, kama si mimi?

Jumanne, 5 Machi

Fundi rangi wa mtaa wa nyuma ana madebe mawili ya mafuta ya kitani. Alijifanya hataki kuyaachia. Nikamwonyesha mifuko mitano ya saruji. Akayaachia upesi mno, akaikokota ile mifuko kabla sijamaliza kusalimia.

Alinipa maelekezo. Mafuta yale yanatosha chumba kimoja. Unapaka mara nne, na kila mara unasubiri mpaka yakauke. Nikamwuliza siku ngapi. Akasema tatu, pengine nne, inategemea hewa. Mimi nina vyumba viwili na Jumapili inakuja. Nimepiga hesabu mara tatu, inakataa.

Basi nikaenda kwa mama wa kantini ya kiwanda. Amekusanya madumu manne ya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa samaki na viazi. Aliuliza nayataka ya nini. Nikasema ni siri ya viwanda. Akasema siri au si siri, niyaondoe, harufu inamuumiza kichwa.

Nitachanganya. Mafuta ni mafuta, yote yametoka kwenye mbegu. Mgongo unaniuma. Nalala.

Jumatano, 6 Machi

Leo kazi imeanza. Udongo lazima ushindiliwe kwanza. Nimeazima mashine ya kushindilia ya kiwandani. Shemeji alikuwa safarini, kwa hiyo sikumsumbua kwa kumwomba.

Mashine ilikuwa haina dizeli. Tone moja! Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikakumbuka redio. Nikachuja dumu moja kwa soksi, nikamimina. Ikakohoa. Ikatikisika. Ikanguruma! Nilikaribia kulia. Mashine inakula mafuta ya viazi, na mimi ndiye ninayeilisha.

Ila moshi wake. Nyumba nzima ilinuka samaki wa kukaanga. Kufika saa sita paka saba walikuwa mlangoni. Jirani akachungulia, akauliza kama kuna shughuli, mbona hakualikwa. Nikamwambia hakuna chakula, ni injini. Aliniangalia kama mchoyo, akaondoka na sahani yake aliyoificha ndani ya khanga.

Chumba cha mbele kimeshindiliwa chote. Cha kulala nusu. Nimechoka mpaka kope zinauma, lakini ni uchovu mtamu.

Alhamisi, 7 Machi

Usiku kulikuwa na baridi. Asubuhi mafuta yameganda ndani ya bomba, meupe kama mshumaa. Mashine haiendi mbele wala nyuma. Nimevuta kamba ya kuwashia mpaka imebaki mkononi mwangu. Sasa mashine ya shemeji imekaa katikati ya chumba changu cha kulala, na mimi nalala ubavuni mwake.

Saa tatu akaja Bwana Vipimo, na mwiko wake na ubao wake wa kusawazishia. Akauliza saruji iko wapi. Nikasema iko kwenye mikono salama. Akatazama madumu, akanusa, akachutama, akapima kitu fulani ambacho hakikuhitaji kupimwa. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayonichoma, kwamba si kila mafuta hukauka. Ya kitani yakipata hewa hukauka na kuwa magumu. Ya kukaangia yatabaki hivyohivyo mpaka kiama. Akanishauri niweke tone la kila aina juu ya kioo nione mwenyewe. Akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mkuu! Mimi namzidi miaka minne.

Alijitolea kwenda kwa fundi rangi kuirudisha ile saruji kabla haijatumika. Sijui alijuaje. Nikamwambia asante, mlango ni ule. Akaondoka. Nikabaki nimesimama, nikihisi kitu kama aibu, nikakipuuza.

Ijumaa, 8 Machi

Nilifanya lile jaribio la matone, kwa sababu mimi ni mtu wa haki. Matone mawili juu ya kioo cha kunyolea. Leo la kitani limeanza kushika ngozi. La kukaangia linateleza kama jana. Nimetafakari sana. Nikichanganya nusu kwa nusu, sakafu itakauka nusu. Na kilichokauka nusu kimeanza kukauka. Kikianza, kitamaliza.

Nimepaka vyumba vyote viwili. Mara nne, mfululizo, bila kusubiri, maana kusubiri ndiko kunakochelewesha watu. Mashine nimeizunguka. Nilianzia mlangoni nikamalizia pembeni, nikajikuta nimejifungia kwenye kona. Nimetoka kwa dirisha. Suruali imebaki kwenye msumari.

Rangi imetoka nzuri lakini. Kahawia ya kung'aa. Nimelala barazani, namfikiria mke wangu atakavyoshika mdomo kwa mshangao. Nimemkumbuka. Sikujua nyumba inaweza kuwa kimya hivi.

Jumamosi, 9 Machi

Matambara niliyopakia mafuta yamewaka moto yenyewe! Naapa! Niliyarundika ndani ya ndoo uani, yamelowa kitani, na kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Saa nane mchana yakaanza kufuka. Halafu mwali huo. Pazia la dirisha limeungua, na shati langu la Jumapili lililokuwa kwenye kamba.

Jirani alimwaga maji, akanitaka radhi kwa kunilowesha, ingawa alinilenga. Anasema ni uchawi. Mimi nilisema ni Bwana Vipimo. Akapita Bwana Vipimo mwenyewe akitoka kazini, akasema ni mafuta ya kitani: yanapokauka hutoa joto, na matambara yakirundikwa joto halina pa kwenda. Ndiyo maana hutandazwa moja moja au hutiwa majini. Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alikuwa anakuja kwenye hilo nilipomwonyesha mlango.

Nimegusa sakafu. Kidole kimerudi na sakafu. Kesho ni Jumapili. Naogopa.

Jumapili, 10 Machi

Wamekuja saa nne.

Mke alivaa lile gauni la kijani. Mtoto akaniruka shingoni. Nikasema karibuni, mshangao uko ndani. Mke akapiga hatua moja. Ya pili, mguu ukaja, kiatu kikabaki. Akasimama hivyo, mguu mmoja juu, ameshika fremu ya mlango. Siafu walikuwa wamepanga mstari kutoka uani mpaka chini ya kitanda. Usiku harufu ya samaki ilikuwa imewaalika wote. Na mashine ya kaka yake inachungulia kutoka chumbani.

Akauliza saruji iko wapi. Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nilianzia redioni. Nikamwonyesha kwamba vumbi hakuna, hata chembe, na mtoto tangu afike hajakohoa! Hilo ni kweli kabisa.

Hakupiga kelele. Alisema alishona sare sitini na mbili kwa ajili ya saruji ile, na kwamba kila alipochomwa na sindano alijiambia si kitu, ni sakafu. Alisema tu. Akainama akakivuta kiatu mpaka kikaachia. Mtoto akauliza kama baba naye anakuja kwa mjomba. Mke akasema baba ana kazi.

Walipoondoka nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwanamume mzima, nimekaa juu ya dumu tupu, siafu wananipanda.

Jumatano, 13 Machi

Shemeji amerudi safari. Hakunifukuza kazi. Alisema angenifukuza, lakini basi dada yake angekuwa na mizigo miwili. Mashine imefunguliwa yote, chujio limetupwa, bomba limesafishwa kwa waya. Mama wa kantini ameambiwa madumu yake asimpe mtu anayezungumza habari za siri.

Fundi rangi saruji yangu ameshaitumia. Amepiga sakafu kwake. Nimechungulia, ni nzuri. Mke amechukua kazi nyingine ya sare ili anunue mifuko mipya. Habari hii sikuambiwa naye. Niliambiwa na Bwana Vipimo, tena aliinamisha macho wakati akinieleza.

Kazi yangu ni kuchimba ule udongo wenye mafuta na kuutoa nje. Ndoo kwa ndoo. Unanata kwenye koleo, unanata kwenye ndoo, unanata kwangu. Siku tatu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mafuta unayazoa.

Jumamosi, 16 Machi

Bwana Vipimo amepiga sakafu kwa saruji mpya, ambayo mke ameinunua kwa malipo ya awali ya sare. Amekataa malipo. Hata hakuniuliza lolote, amefanya kazi yake, amepima, amenyunyiza maji, ameondoka. Niliweka gololi ya mtoto katikati ya chumba. Haikusogea hata kidogo. Nilitamani isogee.

Ameniagiza niimwagilie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Nitaimwagilia. Sijui kwa nini mtu mwema anachosha hivi.

Jumapili, 24 Machi

Wamerudi! Mke na mtoto! Mtoto amekimbia peku kutoka chumba hadi chumba mpaka akaanguka akalala palepale, shavu kwenye saruji. Anapumua vizuri. Nilikaa kando yake nikawa nasikiliza pumzi tu. Nilishukuru, kwa moyo wangu wote.

Mke amechoka. Amekonda. Aliingia na sanduku lake, lile gumu la bati, akaliweka nyuma ya mlango bila kulifungua. Akakaa kwenye kiti akaniambia, taratibu, kwamba hana nguvu ya mara nyingine. Akanitaka niape kwamba hakuna tena mafuta juu ya sakafu hii. Nikaapa. Nilipiga magoti, nikaweka mkono juu ya saruji, nikaapa kwa kila nilicho nacho. Yeye akatikisa kichwa, akasema haya, tutaona.

Nimebadilika. Hata mimi najiona.

Jioni hii imenyesha mvua, na paa limevuja juu ya kitanda. Tundu moja, dogo tu. Mke akaweka beseni, akalala upande wa pili. Nikawaza, hii ndiyo nafasi yangu ya kumwonyesha. Kuna mzee anauza mafuta ya maganda ya korosho. Yamekaa tangi zima, hakuna anayeyataka. Anasema yanaziba maji, yanaua mchwa, mabaharia walikuwa wanapaka mashua. Yanababua ngozi kidogo, kasema. Kidogo tu. Na kiapo changu kilikuwa cha sakafu. Paa sikuliapia.

Kesho mke akienda kushona nitaanza. Ngazi sina, lakini sanduku lake bado liko nyuma ya mlango, limejaa, kufuli halijaguswa. Bahati iliyoje! Nitasimama juu yake.